Mawe ya Mkojo: Nani Hupasuliwa, na kwa Nini?

Karema, kando ya Ziwa Tanganyika katika Mkoa wa Katavi, inakumbuka jina la Adriano Atiman, aliyekombolewa utumwani, akasomea uganga Malta, na kuwatibu watu hapo tangu mwaka 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Miongoni mwa maradhi ya kale ambayo tiba yake ilikuwa kisu ni mawe ya mkojo.

Mkojo ukiwa mzito, chumvi zilizomo hugandamana zikawa jiwe. Jiwe la kibofu huwapata hasa watoto wa kiume wanaolishwa nafaka tupu, pasipo maziwa, nyama wala samaki. Na wazee ambao tezi dume iliyokua huzuia mkojo kutoka. Jiwe la figo huwapata zaidi watu wazima, hasa wanaokula nyama na chumvi nyingi, au kutokwa jasho juani bila kunywa maji. Huko Ulaya, chakula cha watoto kilipokuwa bora, mawe ya kibofu yalipungua. Ya figo yakaongezeka.

Mawe madogo hutoka yenyewe. Makubwa ya figo kwa kawaida yalihitaji kupasuliwa, mpaka mwaka 1980, mjini Munich, Ujerumani, yalipoanza kuvunjwa kwa mawimbi ya mshtuko bila kisu.

Kwa hiyo dagaa katika sahani ya mtoto, na maji safi katika mtumbwi wa mvuvi, ni kinga. Lakini maumivu ya ubavuni pamoja na homa, au mkojo kuzibana kabisa, hayangoji kupambazuke: Mpanda ni mbali, zaidi ya kilomita 100.