Fahamu: Maisha ya nyumbani wakati wa mgawo wa umeme Japani, 2011

Tetemeko la ardhi la Machi 11, 2011, na tsunami iliyofuata, vilizima vituo vingi vya kufua umeme mashariki mwa Japani, kikiwemo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi. Magharibi umeme ulikuwepo, lakini gridi ya huko hutumia masafa ya hezi 60 na ya mashariki 50. Mitambo ya kubadilisha masafa ilipitisha takriban megawati 1,000 tu.

Machi 14, kampuni ya umeme ya TEPCO ilianza mgawo. Maeneo yaligawanywa katika makundi 5, kila moja likikatiwa umeme kwa zamu ya takriban saa 3. Sehemu kubwa ya katikati ya Tokyo haikuguswa.

Nyumbani, ratiba ndiyo iliyopanga siku. Wali ulipikwa na maji yakakingwa kabla ya zamu kufika, kwa kuwa pampu na lifti za maghorofa zilisimama. Hita za mafuta ya taa zenye feni hazikufanya kazi, hivyo familia zilijifunika mablanketi. Betri na mishumaa viliadimika madukani. Waliokuwa hatarini zaidi ni wagonjwa wanaotegemea mashine za kupumulia. Mgawo wa mwisho ulitekelezwa Machi 28.