Sahani ya Pembeni (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulifuata njia ya mtoto aliyebakwa, kutoka shambani hadi kituo cha afya. Leo tuingie nyumbani kwao, saa ya kula. Wenzake wamezunguka bugali na sombe kwenye sahani moja. Yeye amewekewa yake pembeni. Hakuna aliyemtukana, lakini ameelewa.

Huko Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, aibu anayobebeshwa mtoto huyu huanzia kwenye neno. Watu husema mtoto "ameharibiwa". Kinachoharibika ni kitu: nguo, chakula, mahari. Neno hilo humwandama aliyetendewa na kumsahau aliyetenda. Msichana akitoroka kambi ya wapiganaji huitwa "bibi ya waasi", kana kwamba aliposwa. Aitwe mtoto! Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 humhesabu hivyo kila aliye chini ya miaka 18, na kifungu chake cha 48 kinakataza kuwaoza watoto. Wazazi wanaoketi na mbakaji kuhesabu mbuzi ili amwoe binti yao hawafuti aibu yoyote. Wanamkabidhi kwake mara ya pili.

Tukumbuke kijiji cha Luvungi na majirani zake. Kuanzia tarehe 30 Julai hadi 2 Agosti 2010, wapiganaji wa makundi ya waasi ya FDLR na Mai-Mai Sheka walivamia vijiji 13 vya Walikale, kwenye barabara ya Kibua na Mpofi. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa, wakiwamo wasichana 55 na wavulana 9. Nawataja wavulana kwa makusudi, maana wao hunyamaziwa kabisa. Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa Mai-Mai Sheka, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi huko Goma, Novemba 2020. Mhalifu alitajwa kwa jina, hadharani. Aibu ilipaswa kumfuata yeye.

Tena aibu huua. Dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi huanzwa ndani ya saa 72. Mama akimficha mwanawe siku nne ili majirani wasijue, nafasi imekwisha. Ndiyo maana naupinga mlango wa peke yake kwenye kituo cha afya, wenye kibao cha waliobakwa: anayeuingia ametangazwa sokoni kabla hajatibiwa. Mtoto aketi kwenye benchi moja na wenye malaria, na zamu yake ikifika, muuguzi amwite kwa jina alilopewa na wazazi wake.