Waya za mota zikichemka, usikimbilie kununua nene

Gari la rimoti la umeme huitwa kitu cha kuchezea, lakini aliyemnunulia mwanawe anajua kwamba bei yake si ya mchezo. Ndiyo maana shida hii huja na wasiwasi. Gari limekimbia dakika tano, ukigusa waya zinazotoka kwenye kidhibiti mwendo kwenda kwenye mota, zaunguza kidole. Ushauri wa mtaani huwa ni mmoja: weka waya nene. Mara nyingi waya yenyewe haina kosa.

Waya hupata moto kwa sababu mbili. Ama umeme unaopita ni mwingi kupita kiasi, ama kuna mahali katika njia yake ambapo unapita kwa taabu. Kwa hivyo, kabla ya kufungua mfuko, tafuta joto limekaa wapi. Chomoa betri kwanza, kisha pitisha kidole taratibu. Ikiwa waya ina moto sawasawa mwanzo hadi mwisho, na mota nayo ina moto, mzigo ndio mkubwa. Ikiwa moto umekusanyika penye plagi au penye lehemu, ugonjwa uko hapo.

Kwetu pwani, mimi ningeanza na plagi. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu. Plagi iliyopakwa dhahabu ikichubuka, shaba iliyo chini yake hushika kutu ya kijani, na waya huwa nyeusi ndani ya ganda lake la silikoni ambako huoni mpaka uikate. Lehemu mbovu nayo utaijua: haing'ai, imekaa kama tone juu ya waya bila kuingia baina ya nyuzi zake. Plagi yenye ukinzani wa miliohmu 5 tu, ikipitiwa na ampea 40, hutoa joto la wati 8 mahali padogo kuliko ncha ya kidole. Plastiki hulainika, lehemu hulegea, waya hutoka. Zikigusana mbili, kidhibiti mwendo kinaweza kuungua papo hapo.

Mota isiyo na brashi ina waya tatu. Mmoja ukiwa na moto kuliko wenzake, na gari likishtukashtuka wakati wa kuondoka, kagua miungano ya waya huo. Kata sehemu iliyo nyeusi mpaka ufikie shaba safi, ulehemu upya.

Sasa mzigo. Umeme ukizidi mara mbili, joto la waya huzidi mara nne, kwa hivyo ziada ndogo huonekana upesi. Toa gia ndogo ya mota isigusane na gia kubwa, kisha zungusha magurudumu kwa mkono. Yakiwa mazito, tafuta beringi iliyoshika kutu au mchanga ulioingia kwenye gia. Gari lililochezewa ufuoni lina vyote viwili, na mchanga laini wenyewe huichosha mota hata gari likiwa zima.

Magurudumu yakizunguka vizuri, angalia kilichobadilishwa. Vijana hupenda kutoa betri ya volti 7.4 na kuweka ya 11.1 bila kugusa gia. Mwendo unapanda, na umeme unaovutwa unapanda nao. Hata kama kidhibiti na mota zimeandikwa kwamba zinaikubali betri hiyo, gia ndogo lazima ipunguzwe meno. Toa meno mawili, jaribu dakika tatu, guso tena. Magurudumu makubwa kuliko yaliyokuja na gari huleta shida hiyohiyo.

Waya nene ina siku yake. Kwa gari nyingi za kipimo cha 1/10, waya namba 14 yatosha. Ukikuta namba 18 au 20, badilisha bila kusita. Kumbuka namba ikishuka, unene unapanda. Nunua ya silikoni yenye nyuzi nyingi nyembamba. Waya ngumu ya taa za nyumbani haifai, mtetemo utaivunja penye lehemu. Na ukibadilisha plagi ya betri, kata na ulehemu waya mmoja kwanza, uufunike, ndipo ushike wa pili. Mkasi ukikata zote mbili pamoja, umeifunga betri yenyewe kwa yenyewe.

Betri za lipo hazina msamaha. Iliyovimba isichajiwe tena hata mara moja. Nzima nayo isichajiwe usiku watu wamelala, wala juu ya godoro, hasa katika nyumba zetu za Mji wa Kale zenye dari za boriti.

Ikiwa miungano ni safi, gia ni nyepesi, betri ndiyo yenyewe, na waya bado zachemka, nusa mota. Harufu kali ya rangi iliyoungua ni ya nyuzi zake za ndani. Hapo waya hazina la kufanya. Tafuta mota nyingine.