Kodi ya Blogu

Blogu ni gazeti lako mwenyewe kwenye intaneti. Lakini maandishi hayakai hewani. Yanatunzwa ndani ya kompyuta za kampuni, nawe unalipa kodi, kama mtu aliyepanga chumba cha duka pale Musoma au Bunda. Jina linaloishia na .co.tz hulipiwa peke yake, kila mwaka.

Mara nyingi bei ya mwaka wa kwanza ni ndogo. Basi uliza: mwaka wa pili je? Jina liandikishwe kwako, si kwa fundi.

Huna fedha? Anza mahali pa bure. Issa Michuzi alianza mwaka 2005 katika Blogspot.

Kodi ikikatika, blogu hufungwa. Umeandika habari za wazee wa Butiama? Weka nakala nyumbani, zisipotee.