Tabia za Watu Ndani ya Chama



Wengi wetu hustaajabu kuona mtu ambaye shamba lake ni safi na karafuu zake zimekauka vizuri, lakini akiingia katika kazi ya chama huwa kama mtu mwingine. Jamvi lake mwenyewe likichanika hulishona siku ile ile. Jamvi la chama likichanika hulikunja na kulirudisha ghalani kimya. Twapenda kusema kwamba huo ni ubaya wa roho. Lakini watu waliochunguza mambo haya wameona kuwa mara nyingi sababu ni namna kazi yenyewe ilivyopangwa. Kwa hiyo tumeonelea tueleze machache kabla ya msimu kuanza.

Jambo la kwanza ni uzito wa kazi ya wengi. Huko Ufaransa alikuwako mtaalamu wa kilimo, jina lake Max Ringelmann. Aliwapa watu kamba waivute, akapima nguvu zao, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913. Tukihesabu nguvu ya mtu mmoja akivuta peke yake kuwa 100, basi wakiwa wawili kila mmoja alivuta 93, wakiwa wanne 77, na wakiwa wanane 49 tu. Yaani watu wanane walifanya kazi isiyofika ya watu wanne. Sababu ni mbili. Ya kwanza, hawakuvuta kwa pamoja. Ya pili, kila mmoja alilegea kidogo kwa kuwategemea wenzake. Sababu hii ya pili ilithibitishwa mwaka 1974 huko Marekani: watu walifungwa macho wakaambiwa kuwa wenzao wanavuta nyuma yao, kumbe wanavuta peke yao; wakalegea vile vile.

Sasa tutazame mashamba yetu. Mchumaji anayelipwa kwa pishi halegei, kwa sababu pishi zake zinajulikana, na jioni zitapimwa mbele ya macho yake. Lakini tukiitana watu arubaini kusafisha njia ya shamba, hakuna ajuaye nani amefyeka wapi. Dawa yake ni kuigawa njia kwa hatua, kila watu watatu au wanne wapewe kipande chao, na kipande kiwe na wenyewe.

Jambo la pili ni kwamba ndani ya kila chama mna sheria mbili: ile iliyoandikwa, na ile ya barazani. Katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, mwaka 1931 na 1932 walitazamwa mafundi 14 waliokuwa wakiunga nyaya za simu. Malipo yao yaliongezeka kadiri kazi ya kundi ilivyoongezeka, na mwenye kampuni alidhani watakazana. Haikuwa hivyo. Walikuwa wamepatana wenyewe kwa wenyewe juu ya kiasi cha kazi cha kutwa. Aliyezidisha alidhihakiwa, pengine akapigwa ngumi ya bega. Waliogopa kwamba wakizidisha, kiwango kitapandishwa au wengine watafukuzwa. Basi kiongozi asomaye katiba tu, asiyesikiliza baraza, hukijua chama chake nusu. Mwanachama akinyamaza mkutanoni na kusema njiani, tusimwite mnafiki upesi. Kwanza tuulize anaogopa nini.

Jambo la tatu ni la mali, nalo ndilo zito kuliko yote. Tuchukue mfano wa mbali na bahari. Makanyagio ni kata ya mji wa Mpanda, mkoa wa Katavi, kule inakoishia reli itokayo Kaliua. Huko si nchi ya karafuu; katika mkoa ule hulimwa mahindi, mpunga na tumbaku. Mkulima wa tumbaku hukopeshwa mbolea kwa njia ya chama chake cha msingi, na deni hukatwa siku ya mauzo. Katika mikopo ya namna hii dhamana huwa ya wote. Mmoja akiuza tumbaku yake kwa mlango wa nyuma, deni lake halitoroki pamoja nayo. Hubaki chamani, na hulipwa na yule aliyeleta mzigo wake kwa uaminifu. Mwaka wa pili mwaminifu naye hujiuliza: "Mimi nina faida gani?" Mchuma janga hula na wa kwao. Chama hakivunjwi na mkosaji wa kwanza. Huvunjwa na mwema aliyechoka kumlipia.

Jambo la nne ni sauti. Historia ya Bara yatufundisha. Mwaka 1976 serikali iliviondoa vyama vikuu vya ushirika, na kazi zao zikapewa mashirika ya mazao na vijiji. Mwaka 1982 sheria mpya ikaviruhusu virudi. Amri moja ilitosha kuviondoa, na nyingine kuvirudisha, lakini hakuna amri iwezayo kumfanya mkulima aseme "chama changu". Hilo husemwa na mtu aliyeulizwa kabla ya uamuzi, na aliyesomewa hesabu baada yake.

Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano mkuu mapendekezo manne. Kila jamvi na kila mzani uandikwe jina la mtu mmoja wa kuutunza. Kazi za pamoja zigawanywe kwa makundi madogo. Hesabu za mikopo zisomwe kwa sauti, jina kwa jina, bila ya kumruka mzee wala mwenye cheo. Na mwenyekiti, kabla ya kufunga neno, awaulize kwanza wale waliokaa nyuma karibu na mlango.

Mapendekezo haya hayahitaji fedha. Yanahitaji tukubali kwamba sisi sote ni binadamu, tunaolegea tusipoonekana na kukaza tukithaminiwa. Tafadhali njooni mkutanoni mkiwa tayari kuyapinga au kuyatengeneza, maana lililopitishwa kwa ukimya halidumu hata msimu mmoja.

Wabillahi Taufiq.

Katibu wa Chama