Taa ya sola Kericho: Siri iko kwenye unga

Ikiwa uliwahi kulala Litein au Sotik miaka ya 1990, msomaji, huenda unaikumbuka betri ya gari chini ya meza, ikiendesha televisheni. Ilipoisha ilipandishwa matatu hadi sokoni kuchajiwa. Wengi waliikamua hadi tone la mwisho, na hapo ndipo walipoiua: betri ya risasi ikiachwa tupu, salfeti huganda kwenye bamba zake na chaji haiingii tena.

Taa nyingi za sola siku hizi zina betri ya lithiamu na fosfeti ya chuma, iliyotangazwa na kundi la John Goodenough kule Texas mwaka 1997. Kasoro yake? Fosfeti hiyo hupitisha umeme kwa shida mno. Dawa ilikuwa kuifanya unga wa chembe za nanometa 100 hivi (unywele mmoja una upana wa nanometa 80,000 hivi!) na kuzipaka kaboni, ili lithiamu isiwe na safari ndefu. Betri hiyo huvumilia kuchajiwa mara elfu na zaidi.

Jua lenyewe ndilo la kuviziwa. Kericho mvua hupenda alasiri, kwa hiyo paneli itoke nje mapema, wachumaji wakiingia shambani. Kufikia saa nane huenda mawingu yameshatanda, na mtoto ana hisabati za kufanya usiku.