Buji za Kamioneti: Tusizilaumu Bure



Hapa Kasomeno njia inagawanyika, moja inaenda Kasenga, ingine inapanda Pweto, na motoka zenye kufa pa njiapanda ni nyingi. Mu likizo, kamioneti ya mjomba wangu, ile ya zamani ya esansi, ilitoka Kasenga na samaki wabichi. Ilipokaribia hapa ikaanza kukohoa na kukosa nguvu. Barafu ilikuwa inayeyuka, na minervali yangu ya mwaka wa sita ilikuwa ndani ya wale samaki.

Mjomba akasema: « Buji zimekufa. » Akanunua ine mpya, tukang'oa nyaya zote mara moja, tukafunga. Moteri ikawa mubaya zaidi, sasa ikalipuka mpaka mu karbirateri! Juu ya nini? Tulikuwa tumechanganya nyaya.

Tuelewane kwanza. Batiri inatoa volti 12 tu. Bobini inazikuza zinapita 10 000, delko inazigawa kwa zamu, na buji inarusha cheche yenye kuwasha esansi. Moteri ikizunguka mara 3 000 kwa dakika, kila buji inarusha cheche 1 500. (Wenye motoka za mazuti wasinitafute: kwao esansi haiko na cheche haiko.) Mu moteri ile, zamu ni 1-3-4-2, na namba 1 iko mbele.

Papa mmoja, shofere wa zamani, alitusaidia. Alitoa buji ya kwanza, akaziba tundu na kidole, akaniambia nizungushe moteri polepole na mukono. Hewa iliposukuma kidole na alama ya puli ikafika pahali pake, akafungua delko: kile kidole chake cha ndani kinaangalia waya namba 1. Kutoka pale akafuata upande delko inazungukia, akapanga 3, 4, 2. Moteri ikawaka, lakini ikabaki kukohoa kama mwanzo. Basi buji hazikuwa na kosa!

Ndipo akashika koleo yenye mpini wa mpira, akatoa waya moja moja moteri ikiwa inanguruma. Alipotoa ya 1, moteri ikalegea. Ya 2 vilevile. Alipotoa ya 3, hapana kitu kilichobadilika. Silinda ile ilikuwa imelala. Akabadilisha buji ya 3 na ya 2: ugonjwa ukabaki pa 3. Kama ungehama na buji, buji ndiyo mwenye kosa. Giza lilikuwa limeingia, akatuonyesha: cheche za buluu zinaruka kutoka kwa waya namba 3 kwenda kwa chuma. Mpira wake ulikuwa umepasuka. Jaribio hili la kutoa waya musilifanye kwa motoka za leo zenye elektroniki: linaweza kuharibu vyombo, na umeme wake unapiga vikali.

Mukitoa buji, moteri iwe baridi. Pulizeni vumbi kwanza, mchanga usiingie mu silinda. Angalieni rangi: kahawia au kijivu ni nzuri, nyeusi kavu ni esansi nyingi au filtre ya hewa imejaa vumbi letu jekundu, nyeusi yenye mafuta, moteri inakula oili, nyeupe kabisa, inachomeka. Nafasi ya ncha iko karibu na milimita 0,7, lakini kitabu cha motoka ndicho kinaamua. Anzeni kufunga na vidole, ufunguo uje mwisho, juu uzi wa aluminiamu unaharibika upesi. Na waya moja kwa wakati!

Papa alikata waya mu motoka iliyokufa, akatufungia. Nusu ya samaki tuliuza hapa hapa kwa bei ya huruma, nusu ilifika Lubumbashi. Minervali ililipwa kwa mara mbili. Zile buji ine za kwanza ziko mu sanduku la vyombo, nzima kabisa.